Kuandika Notisi: Nani Alisema, na Alisema Lini?

Wenzangu wengi wa fasihi huamini kuwa notisi nzuri ni zile zenye maneno mengi ya mhadhiri. Mimi nasema hapana, na mfano wangu ni kitabu tunachokutana nacho wote katika isimu.

Ferdinand de Saussure alifundisha kozi 3 za isimu jumla huko Geneva, kati ya mwaka 1907 na 1911. Alifariki mwaka 1913 bila kuziandikia kitabu. Kile kinachobeba jina lake, kilichotoka 1916, kilitungwa na Charles Bally na Albert Sechehaye kutokana na madaftari ya wanafunzi. Wao wenyewe, jamani, hawakuwamo darasani! Daftari la Émile Constantin, aliyesoma kozi ya tatu, liliwafikia watafiti miaka ya 1950. Linaonyesha kuwa Saussure alianza na lugha mbalimbali za ulimwengu, ndipo akaingia kwenye lugha kama mfumo. Kitabu kimepindua: mfumo mbele, lugha mbalimbali nyuma. Msomaji anauona mfumo kama umeshuka tu, asijue mwalimu aliufikia kwa njia ipi.

Kwa hiyo ninachonasa kwanza ni mpangilio wa hoja. Maneno yanaweza kupungua.

La pili ni sauti. Chukua mhadhara kuhusu mgogoro wa ushairi wa Kiswahili. Mhadhiri anasema mshororo una mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao, na kwamba pasipo vina hakuna shairi. Kalamu zinakimbia. Dakika 10 baadaye anamleta Kezilahabi na Kichomi cha mwaka 1974, na kumbe ile kauli ya mwanzo ilikuwa ya wanajadi, ameieleza ili aijadili. Aliyeandika "shairi ni vina na mizani" bila kutaja msemaji ataipeleka kwenye mtihani kama msimamo wa mhadhiri. Madesa ya kurudufu huwa yamejaa kauli yatima za namna hii.

Mimi hutumia pambizo. Hoja ya wanajadi naiwekea J, ya wanamabadiliko B, ya mhadhiri mwenyewe M. Swali langu napiga mstari chini yake, hata likiwa la kijinga. Jioni, kabla sijasahau, naongeza sababu zilizonipita; zisizokumbukika naacha nafasi wazi, nakwenda nazo semina.