Sauti imekwaruza, bega limeshuka: je, ni uvimbe wa neva chini ya fuvu?

Sauti yako imekwaruza kwa miezi kadhaa. Unapaliwa ukinywa maji. Bega la upande mmoja limelegea. Huenda umeshatibiwa koo, kisha bega, kila moja peke yake. Lakini chanzo chaweza kuwa kimoja.

Chini ya fuvu, karibu na sikio, kila upande kuna tundu linalopitisha mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kwenye ubongo. Humo hupita pia neva tatu: ya koo, ya sauti na ya misuli ya bega. Neva hufunikwa na ala ya seli ziitwazo seli za Schwann. Seli hizo zikizaliana kupita kiasi, hutokea uvimbe uitwao shwanoma. Kwa kawaida si saratani, na hukua polepole. Tatizo ni kwamba tundu ni jembamba, na neva hubanwa.

Uvimbe wa mahali hapo ni nadra, kwa hiyo mweleze daktari dalili zote kwa pamoja, hata ile unayoiona ndogo. Atakuambia useme "aaa", uinue mabega na utoe ulimi. Daktari wa masikio, pua na koo anaweza kupitisha kamera nyembamba puani atazame nyuzi za sauti.

Kisha picha. MRI yenye dawa ya kung'arisha huonyesha uvimbe wenyewe. CT scan huonyesha mfupa. Shwanoma hupanua tundu taratibu na kuacha kingo laini. Paraganglioma, uvimbe mwingine wa hapo hapo, huutafuna mfupa, na mgonjwa mara nyingi husikia mapigo ya moyo sikioni. Huo umejaa mishipa ya damu, na kuukata kunaweza kuleta damu nyingi. Basi usishangae daktari akikataa kuchukua kinyama kabla ya picha.

Uthibitisho kamili hutoka maabara, uvimbe ukishatolewa. Hata hivyo, uvimbe mdogo usiosumbua unaweza kufuatiliwa tu kwa MRI za mara kwa mara.

Ukiambiwa picha ni safi na dalili zinaendelea, uliza: "Mlipiga na sehemu ya chini ya fuvu, au ubongo tu?" Ni swali la haki kabisa.

Ukipaliwa na chakula kisha ukapata homa au kushindwa kupumua vizuri, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.