Betri na Uteuzi wa Kamera ya Dijitali kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi aendaye nyanjani huulizwa mengi na msimamizi wake: nadharia atakayoiegemea, sampuli atakayoiteua na mbinu atakazozitumia kukusanya data. Ni nadra aulizwe kamera yake inatumia betri za aina gani. Hata hivyo, swali hilo dogo laweza kuamua iwapo atarudi na data au atarudi na visingizio.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kujifunza hayo kwa njia ya uchungu. Akiwa katika kijiji kimoja cha Kwale kisicho na umeme, alikuwa akirekodi ngoma ya sengenya pale kamera ilipozimika katikati ya wimbo. Betri ilikuwa ya kipekee, isiyouzwa katika duka lolote la karibu, na soketi ya kuichajia ilikuwa mbali. Asubuhi iliyofuata mwimbaji alikubali kwa ukarimu kuyakariri maneno akiwa ameketi mkekani. Maneno tuliyapata, mikono, miguu na itikio la hadhira hatukuyapata. Yeyote aliyesoma fasihi simulizi anajua kwamba hayo ni sehemu ya utungo, wala si mapambo yake.

Aina kuu mbili

Kamera za dijitali zagawika katika makundi mawili. Kundi la kwanza hutumia betri za kawaida za ukubwa wa AA, zile zinazotiwa katika rimoti na saa za ukutani. Kundi la pili hutumia betri bapa ya lithiamu-ioni iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli fulani. Teknolojia hii ya pili iliingizwa sokoni na kampuni ya Sony mwaka 1991, na leo ndiyo iliyotawala. Kamera za AA zilienea sana katika muongo wa 2000, mathalani baadhi ya Canon PowerShot za mfululizo wa A. Siku hizi kamera mpya za aina hiyo ni chache, ingawa nyingi bado hupatikana zikiwa zimetumika.

Kuisoma betri ya AA

Si kila AA inaifaa kamera. Mnunuzi na atazame msimbo ulioandikwa ubavuni. R6 ni betri ya zinki na kaboni. LR6 ni ya alkalini. FR6 ni ya lithiamu isiyochajiwa. HR6 ni ya NiMH, yaani nikeli na haidraidi ya metali, ambayo huchajiwa upya mamia ya mara.

Kamera huhitaji mkondo mkubwa wa umeme kwa ghafla lenzi inaposogea au flashi inapojiandaa. R6, iliyo rahisi kwa bei, haiwezi kuutoa mkondo huo. Volti zake huporomoka na kamera huzimika mapema. Ndiyo maana betri "iliyokufa" katika kamera yaweza kuendesha saa ya ukutani kwa miezi kadhaa. LR6 ni afadhali, lakini nayo huchoka upesi. HR6 ina volti 1.2 tu ikilinganishwa na 1.5 za alkalini, lakini huzishikilia bila kushuka sana hadi inapokaribia kuisha. Kwa hivyo hupiga picha nyingi zaidi. Kasoro yake ni kwamba zile za kawaida huvuja chaji zikiwekwa tu. Sanyo ilileta dawa ya tatizo hilo mwaka 2005 kwa betri za Eneloop, ambazo hutunza chaji kwa muda mrefu. FR6 ni nyepesi na hudumu, lakini ni ghali na ikiisha hutupwa. Yafaa iwe akiba.

Lithiamu-ioni

Betri hii hubeba nishati nyingi kwa uzito mdogo, huiwezesha kamera kuwa nyembamba, na haivuji chaji upesi. Udhaifu wake ni upweke: ikiisha, hakuna mbadala dukani. Aidha, huzeeka hata isipotumiwa, hasa ikiachwa katika joto, na modeli ya kamera ikiachwa na watengenezaji, betri halisi huadimika. Betri bandia zipo kwa wingi, na baadhi huvimba.

Kuhusu idadi ya picha

Makasha ya kamera hutaja idadi ya picha ambazo betri hupiga. Idadi hiyo mara nyingi hutokana na kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani: picha moja kila sekunde 30, flashi ikiwaka katika nusu ya picha hizo. Ni kipimo kizuri cha kulinganishia kamera mbili. Hata hivyo, mtafiti wa utendaji hurekodi video, nayo hula betri kwa namna nyingine kabisa. Asiichukue idadi hiyo kama ahadi.

Uteuzi

Je, tuteue ipi? Tuanze na mahali, si na kamera. Anayefanya utafiti mjini, penye umeme kila jioni, ateue ya lithiamu-ioni na anunue betri ya pili siku hiyo hiyo. Anayekwenda mbali na umeme ana njia mbili. Ya kwanza ni kamera ya AA, pamoja na seti mbili za HR6 zilizochajiwa na FR6 za akiba. Zote zikiisha, LR6 za dukani zitamsitiri. Ya pili ni kamera ya lithiamu-ioni inayochajiwa kwa waya wa USB, ambayo yaweza kulishwa na sola au benki ya chaji kama simu ilishwavyo. Kwa vyovyote vile, asichanganye betri za AA kuukuu na mpya, na aijaribu kamera kwa saa nzima ya kurekodi kabla ya safari.

Hitimisho

Kamera husifiwa kwa lenzi yake na ubora wa picha zake, lakini kamera iliyozimika ni jiwe. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mtafiti aliyemwomba mzee amwimbie, kisha akamwomba aimbe tena kwa sababu ya betri, amejikwaa vyote viwili.