Beni-Butembo: Wanafunzi wa internati wakienda likizo, nguruwe anabaki na nani?

Shule ya kijijini yenye internati ikifuga nyama, kazi kubwa inafanywa na wanafunzi wenyewe. Asubuhi mbele ya masomo wanafagia kibanda cha nguruwe na kubadilisha maji ya sungura na kobayi. Kiisha masomo wanaenda kukata majani. Mzazi wa Beni ao Butembo aliyelipa minervali na chakula cha internati ana haki ya kuuliza: hii ni somo ao ni salongo?

Tofauti inaonekana kwenye daftari. Mwanafunzi anayeandika tarehe nguruwe jike alipandishwa, watoto wangapi walizaliwa, wangapi walikufa na sababu gani, huyo anasoma. Yule anayetumwa kutoa mavi juu alichelewa mstarini, huyo anaazibiwa tu, na hatapenda ufugaji maisha yake yote. Na ufundi huu una njia hapa kwetu: Butembo kuna ITAV, shule ya ufundi wa kilimo na mifugo, na kwa wenye diploma kuna ISEAVF pamoja na kitivo cha udaktari wa mifugo cha chuo kikuu UCG.

Hatari ya kwanza inatoka jikoni. Internati ina makombo mengi, na nguruwe anakula yote. Lakini kama ndani mwa makombo kuna kipande cha nyama ya nguruwe mgonjwa, pesti ya nguruwe inaingia kibandani. Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza Kenya mwaka wa 1921. Hauambukizi mtu, ila unaweza kumaliza kibanda kizima kwa siku chache, na hauna dawa ya kuuponya. Ndiyo maana makombo yanachemshwa nusu saa nzima, huku yakikorogwa, mbele ya kupewa nguruwe. Viatu pia vinabeba ugonjwa. Mwanafunzi anayerudi kutoka nyumbani ambako nguruwe wamekufa asiingie kibandani na viatu vile vile.

Majani nayo ni jambo zito. Upande wa Beni, watu wameuawa na kutekwa mashambani kwa miaka mingi sasa, na kumtuma mtoto mbali na shule akatafute majani ya sungura si kazi ya kuchukua kimchezo. Hata ndani ya shule usiku una hofu yake: tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF walishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha kule Mpondwe, Uganda, ng'ambo ya Kasindi, na wanafunzi waliuawa ndani ya mabweni. Kwa hiyo afadhali majani ya tembo na matembele yapandwe ndani ya uwanja wa shule, na nyama walishwe jua lingali juu. Shule isiyo na nafasi hiyo ifuge wachache.

Kiisha kuna kalenda, ambayo wengi wanaisahau. Nguruwe anabeba mimba siku 114 hivi: miezi mitatu, juma tatu na siku tatu. Akipandishwa tarehe 8 Septemba, masomo yakiwa yameanza tu, atazaa karibu na tarehe 31 Desemba. Wanafunzi wako kwao, mlinzi yuko kwenye sikukuu, na mama nguruwe analalia watoto wake bila mtu wa kuwatoa. Akipandishwa tarehe 15 Oktoba, atazaa karibu na tarehe 6 Februari, darasa zima likiwepo kuona. Sungura ni mwepesi zaidi, mimba yake ni siku 31 hivi.

Kwa likizo kubwa, hesabu nzuri ni kuuza wengi mbele ya mwezi wa saba na kubakiza wazazi tu. Wanaobaki wapewe mtu mmoja anayejulikana, anayelipwa, na anayeishi karibu na shule. Prefe aandike jina lake mbele ya wanafunzi kufunga mizigo.