Mshono Umeachiwa Tena: Mwili wa Mwanamke wa Mpanda Baada ya Miaka 40

Wa kwanza kujua kwamba mwanamke wa mji wa Mpanda, mkoani Katavi, ameongezeka kiuno ni fundi wake wa cherehani. Kitenge kilichoshonwa kuwa sare ya kicheni pati mwaka juzi kinarudi kibarazani kikiwa kimekunjwa kwenye mfuko, na maelekezo ni mafupi: achia mshono. Fundi mzuri huacha akiba ya kitambaa pembeni kwa sababu anawajua wateja wake. Akiba ikiisha huunganisha kipande, na kipande kisipotosha, mama huhamia kwenye dera. Ndani ya dera mwili unaweza kuongezeka miaka mingi bila mwenyewe kubanwa kiasi cha kushtuka.

Wanawake ninaowasema wana miaka 40, 45, 50 na ushee. Ndio wanaouza migebuka na dagaa waliotoka Karema na Ikola, wanaofundisha shule za msingi, wanaolima mpunga Mwamkulu na Kakese huku wakiweka hisa za kikoba mjini. Swali lao ni moja, na mara nyingi huulizana kwa sauti ya chini wakiwa wanachambua mchele: mbona sikuongeza chakula, na tumbo limetoka wapi?

Swali hilo ni la haki na lina jibu. Ila mtaani majibu hutangulia kabla mtu hajauliza. Kuna wanaomsifu kwamba amenawiri, ndoa imemkaa vizuri. Kuna wanaomwita jimama, na vijana wa bodaboda wana neno lao, nyama uzembe, linaloudhi kwa sababu linamhukumu mtu anayeamka saa 11 alfajiri na kulala wa mwisho nyumbani. Akianza kupungua, hukumu inageuka: umekonda, unaumwa?

Hofu ya kukonda haikuanza bure. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwanamke mwenye miaka 48 leo alikuwa mtoto wakati huo, akawa msichana katika miaka ya 1990 ambapo kila kijiji kilizika. Aliona majirani wakipungua nyama mpaka nguo zikawavuka, na aliona namna walivyonyanyapaliwa. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika huduma za serikali mwaka 2004, yeye akiwa tayari mtu mzima mwenye watoto. Mtu aliyekulia humo hawezi kuambiwa ghafla na picha za kwenye simu kwamba wembamba ndio afya, akaamini.

Iko pia kumbukumbu ya njaa, na hii ni ya huku kwetu hasa. Watafiti Craig Hadley na Crystal Patil walichapisha mwaka 2006 utafiti uliojumuisha akina mama wa Kipimbwe na Kisukuma katika vijiji ambavyo wakati huo vilikuwa mkoa wa Rukwa, kabla ya Katavi kuzaliwa mwaka 2012. Walikuta kwamba mama asiye na uhakika wa chakula alikuwa na dalili nyingi zaidi za wasiwasi na sonona. Kwa hiyo kiuno kinene kimekuwa kwa muda mrefu ushahidi kwamba ghala halikukauka na akili imetulia. Ninaiheshimu imani hiyo. Anayemkemea mwanamke wa Katavi kwa unene bila kujua ametokea wapi atasikilizwa kwa adabu, kisha atapuuzwa.

Hata hivyo hali imebadilika, na imebadilika upesi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 mkoani Katavi. Ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Mji umekua pamoja nao. Mahindi yanakwenda mashineni badala ya kinuni, mama anapanda bajaji kutoka Nsemulwa hadi sokoni, na mafuta ya kupikia hununuliwa kwa dumu. Takwimu za nchi nzima zinaonyesha njia ileile: katika utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2010, asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na katika ule wa 2015-16 walifika asilimia 28.

Tazama tena umri huo: miaka 15 hadi 49. Tafiti hizo huwapima wanawake wa umri wa kuzaa na kuishia hapo. Huduma nazo zimefuata mkondo uleule. Mwanamke akiwa mjamzito hupandishwa kwenye mizani kila anapohudhuria kliniki, presha inapimwa, kadi inajazwa. Mtoto wa mwisho akishazaliwa na kupata chanjo zake, mizani inabaki kuwa ya mtoto. Kuanzia hapo hakuna anayempima mama kwa utaratibu mpaka siku atakapoanguka, isipokuwa yule fundi wa cherehani, naye anapima ili nguo ikae. Hili ndilo linaloniuma kuliko maneno yote ya mtaani.

Linauma zaidi Katavi kwa sababu huku wanawake huanza uzazi mapema. Utafiti huo wa 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani Katavi walikwisha kuzaa au walikuwa na mimba, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko mikoa yote. Aliyeanza kuzaa akiwa na 17 anaweza kuwa bibi kabla ya 40. Mwili wake umebeba mimba nyingi, umenyonyesha mfululizo, na misuli ya mbele ya tumbo iliyoachana wakati wa mimba moja haikupata muda wa kurudiana kabla ya nyingine kuingia. Sehemu ya tumbo analolionea aibu ni misuli iliyotengana wala si mafuta, na hakuna mlo utakaoifunga. Wengine huitaja sindano ya uzazi wa mpango, ile ya kila miezi 3. Hawaizushii: baadhi ya wanaoitumia huongezeka uzito kweli, na anayeona hivyo ana haki ya kumwambia muuguzi ambadilishie njia, bila kuiacha kimyakimya.

Kisha unakuja ukomo wa hedhi, ambao kwa wengi huangukia kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni inaposhuka, mafuta yaliyozoea kukaa mapajani na makalioni huanza kukaa tumboni, ndani kabisa, yakizunguka ini na matumbo. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN, ulioanza mwaka 1996 na kuwafuata wanawake kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba kasi ya kuongezeka mafuta hupanda takriban miaka 2 kabla ya hedhi ya mwisho, na wakati huohuo misuli huanza kupungua. Mizani yaweza kusoma kilo zilezile huku mwili ukiwa umebadilika ndani. Ongeza usingizi uliokatwakatwa na joto la ghafla la usiku, na mtu aliyeamka hajalala vizuri huamka na njaa ya vitu vitamu.

Wengi huhitimisha kwamba mwili umelala, kwamba baada ya 40 hauchomi tena chakula. Hapa sayansi imeleta habari ambayo ningependa ifike kila kikoba. Mwaka 2021 Herman Pontzer na wenzake walichapisha katika jarida la Science vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29. Ukizingatia ukubwa wa mwili wa mtu, matumizi yake ya nishati hayabadiliki sana tangu miaka 20 hadi 60, ndipo huanza kushuka taratibu. Miaka 9 kabla ya hapo, Pontzer huyohuyo alikuwa amewapima Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi. Wanawake wao walitembea karibu kilomita 6 kwa siku wakichimba mizizi na kuchuma matunda, lakini jumla ya nishati waliyotumia, kwa kulinganisha ukubwa wa miili, haikuzidi ya watu wa mijini Marekani na Ulaya.

Maana yake kwa mama wa Makanyagio ni hii: kilo nyingi zinaingilia kwenye sahani na kikombe. Chai yenye vijiko 3 vya sukari asubuhi, maandazi 2, soda ya mgeni saa 6, wali uliokaangiwa vitunguu kwa mafuta mengi, chipsi za watoto zilizobaki ambazo mama hazitupi kwa kuwa chakula hakitupwi. Kula mabaki ya watoto ni kazi ya akina mama ambayo haihesabiwi kuwa mlo. Sisemi aache ugali. Ugali ukipungua kidogo na matembele, kisamvu, maharage na samaki wa Tanganyika wakaongezeka, shibe inabaki na misuli inapata protini inayoihitaji zaidi sasa kuliko alipokuwa na 25. Na sukari ya chai ipunguzwe nusu kijiko kila wiki, bila kutangaza.

Basi mazoezi ni ya nini, kama hayachomi sana? Ni ya nguvu, mifupa, presha, sukari ya damu na usingizi, na hayo ndiyo yanayoamua kama mwanamke wa miaka 70 atajihudumia au atabebwa. Misuli hupungua kwa takriban asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10 baada ya umri wa miaka 30, isipotumikishwa. Jaribu hili nyumbani: kaa kwenye kigoda cha jikoni, kunja mikono kifuani, simama bila kushika chochote. Ukishindwa, au ukisimama kwa kujirusha, hapo ndipo pa kuanzia. Kuinuka na kuketi mara 10, ukapumzika, ukarudia, ni mazoezi kamili ya mapaja. Kusukuma ukuta kwa mikono ni mazoezi ya kifua. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu angalau siku 2.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais na mwenye umri wa miaka 56, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatajwa kuwa siku yake. Vikundi vya joging vimeenea nchini tangu hapo. Jambo jema, lakini huko mara nyingi vijana wa kiume ndio hushika mwendo, na mama wa miaka 50 mwenye magoti yanayolalamika hubaki nyuma peke yake, ndani ya traki aliyoivaa kwa wasiwasi, akiulizwa na wapita njia anamkimbia nani. Ningependa kuona wanawake hawa wakienda kwa makundi yao wenyewe, wanaotembea, wenye kanga kiunoni kama wakitaka, wakati kumekucha na njia inaonekana. Vikoba wanavyo. WAWATA, yaani umoja wa wanawake Wakatoliki, wanao parokiani. Kwaya zao zinacheza saa nzima bila kuchoka. Kikundi kinachoweza kukusanya fedha kila wiki kwa uaminifu hakishindwi kukutana uwanja wa Azimio asubuhi 2 kwa wiki.

Nirudi kwa Wahadzabe kidogo, maana wana jambo jingine la kutufundisha. Kristen Hawkes na wenzake waliandika mwaka 1997 kwamba wanawake waliokwisha kukoma hedhi huko walichimba mizizi kwa bidii kubwa, na wajukuu ambao mama zao walikuwa wamejifungua karibuni walistawi kutokana na kazi ya bibi. Mwili wa mwanamke wa makamo wa huko ulithaminiwa kwa mikono iliyoweza kuvunja ardhi ngumu. Hicho ndicho kipimo ninachokitamani kwa dada na mama zetu, mahali pa kile cha kuonekana kama msichana.

Kwa sababu hiyo nasema wazi kuhusu vidonge, chai na mikanda ya kupunguza tumbo inayouzwa kwa simu na mikononi mwa wachuuzi: fedha hiyo inunue mboga. Mkanda unakamua jasho na maji ya jasho hurudi ukinywa. Chai nyingi za namna hiyo huharisha tu. Na vidonge visivyojulikana vina nini ndani ni hatari kwa mwenye presha ambaye hajui kuwa anayo, na hao ni wengi: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta presha ya juu kwa asilimia 25.9 na kisukari kwa asilimia 9.1.

Kiuno cha sentimita 80 kwa mwanamke, yaani inchi 31 na nusu, ndipo hatari ya magonjwa haya huanza kupanda. Kikifika sentimita 88 hatari imekuwa kubwa. Hupimwa juu ya ngozi, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kawaida. Anayepungua bila kukusudia, au anayetokwa damu baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, asisubiri. Aende hospitali wiki hiyohiyo.

Ombi langu kwa halmashauri za Katavi ni dogo. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 wanahamasishwa kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi. Yule aliyekwisha kupanga foleni kwa ajili hiyo apimwe hapohapo presha, sukari na kiuno, aandikiwe kwenye kadi yake mwenyewe, aambiwe tarehe ya kurudi, na aliyepita 50 asirudishwe mlangoni. Na huduma hiyo isiishie Kashaulili mjini. Mishamo, Mwese, Inyonga na Kibaoni wako wanawake wa umri uleule ambao tatizo lao mwezi wa Januari ni kukonda kabla mahindi mapya hayajakomaa, na vipimo hivyohivyo ndivyo vitakavyowatambua.