Ua la sabuni yetu halikuwa letu

Kikundi chetu cha sabuni kilipotafuta alama, kijana mmoja wa kuchapa alitutolea picha ya ua kwenye intaneti. Tulilipa, tukachapa makaratasi ya kubandika, tukafurahi. Siku moja sokoni tukaona ua lile lile kwenye mafuta ya kupaka ya watu wengine. Hatukuwa na la kuwaambia: ua halikuwa lao, wala halikuwa letu.

Tuliuliza, tukajifunza. Picha nyingi za intaneti, hata zile za bure, zina wenyewe. Shutterstock inauza ruhusa ya kutumia picha kwenye tangazo, lakini inakataza kuifanya alama ya biashara. Canva nayo haikubali picha zake ziandikishwe kama alama, maana kila mtu anaweza kuzichukua. Kulipia picha ni kama kupanga nyumba: unalala ndani, lakini huwezi kuiuza.

Hapa Kongo, sheria ya mwaka 1986 inalinda kazi ya mchoraji, na ile ya 1982 inalinda alama iliyoandikishwa serikalini. Basi tulimwomba binti wa mama mmoja wetu, anayejua kuchora, atuchoree mikono miwili inayonawa. Tulimlipa, naye akatia sahihi kwenye karatasi kwamba mchoro ni wa kikundi.

Wamama, kabla ya kuchapa, ulizeni: picha hii imetoka wapi? Nani aliichora? Karatasi ya mapatano iko wapi?