Anayeombwa Mfarishi na Ndugu Zake



Nchi yetu ya Songea iko juu, zaidi ya mita 1,000 kupita usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai yajulikana na kila mtu. Hapa Mjimwema, majira hayo yakifika, mama ajuaye kushona mfarishi hapati raha. Leo hodi ni ya wifi yake, kesho ni ya somo yake, keshokutwa ni mtoto wa mjomba aliyetumwa kutoka kijijini. Wote neno lao ni moja: “Dada, nami nishonee mmoja tu. Vipande si unavyo?”

Mfarishi ni lile shuka nene la kujifunika, lenye tabaka tatu. Juu ni vipande vya vitenge na kanga vilivyoungwa. Katikati ni pamba, au blanketi kuukuu. Chini ni kitambaa kizima. Na zote hushikwa pamoja kwa mishono. Ni kazi njema na yenye heshima. Lakini twataka kunena juu ya maombi yake, maana tumeona yakivunja undugu ambao fitina haikuweza kuuvunja.

Mama mmoja, ambaye hatutamtaja, aliwaitikia wote “ndiyo”. Hakutaja gharama wala siku. Vipande vikakaa chini ya kitanda chake tangu mavuno hata mavuno mengine. Mwishowe akawa apita njia ya nyuma aendapo Misa, asije akakutana na wifi yake. Na tuseme kweli: wifi huyo hakuwa na kosa. Yeye aliomba, akaambiwa ndiyo, akangoja. Ahadi ni deni, na deni la mfarishi humwelemea mdaiwa kama deni la fedha.

Mara nyingi chanzo cha taabu hii si choyo wala uvivu. Ni kutojua hesabu. Aombaye huona vipande tu, naye aombwaye hajapata kuketi akahesabu. Basi na tuhesabu pamoja. Mfarishi wa kitanda cha watu wawili na uwe wa sentimita 195 kwa 225. Ukiushona kwa vipande vya mraba ambavyo, vikishaungwa, ni sentimita 15 kila upande, vyatakiwa vipande 13 kwa upana na 15 kwa urefu, ndivyo 195. Kila kipande hukatwa sentimita 17, ibaki sentimita 1 ya mshono kila upande. Kwa kitenge chenye upana wa sentimita 115, vipande hivyo vyala karibu mita 6, na kitambaa cha chini karibu mita 5.

Sasa twende kwenye saa. Kuunga vipande kuwa safu ni mishono mifupi 180. Tukikadiria dakika 10 kwa kila mmoja kwa sindano ya mkono, ni saa 30. Kuunga safu na safu ni mishono mirefu 14, nayo kwa kadiri ile ile yataka saa 30 nyingine na zaidi kidogo. Hizo ni saa 60, nasi bado hatujashika tabaka tatu pamoja wala hatujakunja ukingo. Mama apataye saa 2 kila jioni, baada ya kupika na kulaza watoto, atashinda mwezi mzima na kazi yake bado. Cherehani hupunguza saa, ndiyo, lakini nayo yataka uzi, mafuta na sindano. Hata vipande alivyopewa bure na fundi cherehani vyapasa kufuliwa kwanza ili vitoe rangi na kunywea, kisha vipigwe pasi na kuchaguliwa. Kwa hiyo yule asemaye “mmoja tu” aomba jioni 30 za maisha ya mwenziwe, naye hajui.

Bwana wetu alifundisha ya kuwa atakaye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa. Tusidhani fundisho hilo ni la wenye minara tu.

Wengine husema ya kuwa Mkristo hauzii ndugu kazi ya mikono yake. Husema, “Tabita wa Yafa aliwashonea wajane, wala hatusomi ya kuwa aliwadai.” Ni kweli, nasi twamheshimu. Lakini na tumtazame pia yule mke mwema katika sura ya 31 ya Mithali. Yeye ajifanyia matandiko ya nyumbani, awanyoshea maskini mkono, tena afuma nguo na kuwauzia wachuuzi. Mambo hayo matatu yametajwa katika mwanamke mmoja, wala Maandiko hayamlaumu kwa lolote. Naye Mtume Paulo alishona mahema kule Korinto pamoja na Akwila na Priskila, akaishi kwa kazi hiyo. Basi kuuza si dhambi, na kutoa si ujinga. Hatari huja pale mmoja adhanipo ni zawadi na mwenziwe adhanipo ni biashara.

Watawa wa Mtakatifu Benedikto, waliofika Peramiho mwaka 1898, huishi kwa Kanuni iliyoandikwa katika karne ya 6, nayo yatufaa sana katika jambo hili. Sura ya 57 yanena juu ya mafundi wa monasteri. Kazi yao ikiuzwa, pasiwe na udanganyifu, wala tamaa isiingie katika bei, bali iuzwe kwa bei iliyo chini kidogo ya ile ya watu wa nje. Na sura ya 31 yamfundisha mtunza ghala ya kuwa, ndugu akimwomba neno lisilowezekana, asimhuzunishe kwa dharau, ila amkatalie kwa unyenyekevu na kwa sababu. Naye asiye na kitu cha kumpa mwenziwe ampe neno jema. Ghala ya monasteri ni kubwa kuliko sanduku la mama wa Mjimwema, na hata hivyo mtunzaji wake ameruhusiwa kukataa.

Kwa hayo, twawashauri akina mama na mabinti washonao hivi.

Kwanza, usijibu mlangoni. Sema, “Wifi, nimekusikia, nitakujibu Jumapili.” Siku hizo chache zitakupa nafasi ya kuhesabu na kusema na mumeo.

Pili, ukijibu, taja wazi moja katika matatu: ni zawadi, ni mauzo, au ni badala. Badala twaijua tangu wazee wetu. Ndugu asiye na fedha aweza kukulimia: siku kadhaa za palizi katika mahindi yako mwezi wa Januari, nawe umshonee baada ya mavuno. Hapo hapana aliyemnyonya mwenziwe, na shamba lako limepona.

Tatu, uwe na daftari. Andika jina, kipimo, nani aleta kitambaa, bei na siku ya kumaliza, kisha msomee mwenye kuomba. Usianze kukata kabla kitambaa hakijafika. Wala usipokee kazi nyingi wakati wa kilimo kwa kuona haya. Jembe halingoji sindano.

Nne, uchague zawadi zako mwanzoni mwa mwaka. Pengine ni mmoja, pengine ni miwili, kadiri ya nguvu zako. Umpe mjane asiye na mtoto wa kumtunza, au mtoto mchanga wa nyumba maskini, yaani wale wasioweza kukulipa. Moyo wako ukiwa umekwisha kutoa hivyo, hutaona haya kumtajia bei shemeji mwenye duka.

Tano, ukikataa, kataa mara moja na kwa upole. Sema, “Mwaka huu sitaweza, ndugu yangu.” Usiongeze uongo wa macho kuuma wala sindano kupotea. Ukipenda, mwite binti yake ukamfundishe kuunga vipande. Huenda akamshonea mama yake mwenyewe.

Nanyi mwombao, mna neno lenu pia. Kuomba kazi ya mtu si kuomba chumvi. Nenda na kitambaa mkononi. Usimtajie bei ya blanketi la dukani, maana blanketi hilo halikushonwa jioni kwa jioni na mtu akujuaye kwa jina. Nalo likikutosha, kalinunue, si aibu. Kazi ikiisha, lipa siku ile ile, kama Torati iagizavyo juu ya ujira wa maskini, kabla jua halijachwa. Na ninyi waume, msiwaahidie rafiki zenu jasho la wake zenu. Mume asemaye kilabuni, “Mke wangu atakushonea,” ametoa zawadi isiyo yake.

Kanisa nalo liombe kwa adabu hiyo hiyo. Kukiwa na mgeni wa kutunzwa au altare ya kupambwa, halmashauri imwulize mshonaji kama aweza, imletee kitambaa, tena isimwendee yule yule kila mwaka kwa kuwa hajui kukataa.

Mama yule tuliyemtaja alikwenda hatimaye kwa wifi yake na vipande katika kikapu. Alimwambia hesabu yote, asimfiche neno. Wifi alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mbona hukuniambia?” Wakaketi wakaushona wawili, jioni baada ya jioni. Mfarishi huo una mishono mizuri na mishono iliyopinda, na siku hizi wote wawili huenda Misa kwa njia ya mbele.

Mungu aibariki mikono ishonayo, na ndimi ziombao azifundishe adabu.