Garimoshi la bati kabatini: Usikwangue rangi kabla ya kulisoma

JE, mpenzi msomaji, juu ya kabati nyumbani kwenu au kwa babu kuna garimoshi dogo la bati lililoota kutu? Magurudumu mawili yamepotea, bomba la moshi limelala upande, na rangi inabanduka kama maganda ya kitunguu? Likizo hii usilitupe. Lakini pia usikimbilie msasa na mkebe wa rangi, kwa maana huenda ukafuta habari ambazo hazipatikani tena kwingine.

Mkazi wa Diani au Msambweni anaweza kuuliza, "Reli inatuhusu nini sisi wavuvi na wakulima wa minazi?" Wengi husahau kwamba Kwale ina pande mbili. Kuna Kwale ya bahari, na kuna Kwale ya nyika, ambako reli ya zamani kutoka Mombasa inapita Samburu na Taru kabla ya kufika Mackinnon Road, karibu na mpaka wa Taita Taveta. Reli hiyo ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Hapo Taru palikuwa na ukame mkali hata maji ya wajenzi yakaletwa kwa garimoshi kutoka nyuma.

MAJITU YA NYIKA

Baada ya miaka sitini hivi, nyika hiyo ilitikiswa na majitu. Kati ya 1955 na 1956, kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, kililetea Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki vichwa 34 vya garimoshi vya aina ya 59. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa karibu mita 32 na uzito wa tani 252, na kilipewa jina la mlima. Hizo ndizo injini za mvuke zenye nguvu kupita zote zilizopata kutembea juu ya reli yenye upana wa mita moja. Zilichoma mafuta mazito, si makaa ya mawe.

Umbo lake ni la ajabu. Boila, yaani tangi la kuchemshia maji, imekaa katikati pamoja na kibanda cha dereva. Mbele kuna seti moja ya magurudumu na tangi lake, na nyuma kuna seti nyingine. Mtindo huu ulibuniwa na Mwingereza Herbert William Garratt, aliyeomba hataza mwaka 1907. Kwa kuwa kila seti hugeuka peke yake, jitu zima huweza kupinda kwenye kona bila kuacha reli.

Basi litazame garimoshi lako. Ukiona boila katikati na magurudumu 28, 14 mbele na 14 nyuma, ujue fundi wako hakubuni kichwani. Alitengeneza mfano wa kitu alichokiona, kwa macho yake au pichani.

Kwa nini jambo hili ni muhimu? Kwa sababu katika vile vichwa 34 vimebaki viwili tu, namba 5918 "Mount Gelai" na namba 5930 "Mount Shengena". Vyote viko katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Vingine viliondolewa kazini katika miaka ya 1970, injini za dizeli zilipochukua nafasi, vikakatwakatwa vyuma chakavu.

KWANZA SOMA

Kabla hujagusa bisibisi, piga picha kila upande, hata chini ya tumbo. Pima na uandike katika daftari. Kama garimoshi lako lina urefu wa sentimita 63 hivi, basi fundi alipunguza kile kikubwa mara 50. Kwa kipimo hicho boila inapaswa kuwa na unene wa sentimita 4.6, na magurudumu makubwa yawe na upana wa milimita 27, karibu sawa na kifuniko cha chupa ya soda. Huenda hata fundi wako alitumia vifuniko hivyo.

Usisahihishe jambo usilolielewa. Kwa mfano, unaweza kukuta bomba la moshi ni bapa na refu badala ya kuwa la mviringo, ukadhani limebondwa. La hasha! Reli ya Afrika Mashariki ilibadilisha mabomba ya injini zake nyingi, ikaweka ya bapa yaliyobuniwa na Mwaustria Adolph Giesl-Gieslingen ili moshi utoke kwa nguvu na mafuta yapungue. Ukilinyoosha bomba hilo liwe duara, umelirudisha garimoshi miaka kadhaa nyuma ya lile alilolikusudia fundi.

Namba na jina ubavuni vinakili kwa karatasi nyepesi. Kisha muulize mzee wa nyumba: nani alilitengeneza, wapi, na alikuwa na kazi gani? Majibu hayo hayauzwi dukani.

KUTU NA CHUMVI

Adui mkubwa wa bati huku pwani ni chumvi inayoletwa na upepo wa bahari. Ukipaka rangi juu ya chumvi, kutu itaendelea kula chini kwa chini, na baada ya miezi michache rangi itavimba malengelenge. Kwa hiyo, fungua skrubu moja baada ya nyingine, uziweke katika trei ya mayai kwa mpangilio ulioziondoa. Osha kila kipande kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na sabuni, usuuze, kisha ukaushe mara moja.

Vipande vidogo vya chuma vyenye kutu viloweke katika siki usiku kucha. Asubuhi vipige brashi, uvisuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili ukali wa siki ufe, na uvikaushe juani. Usiloweke shaba wala bati la mabati ya nyumba, kwani siki huila ile ngozi yake ya zinki. Viungo vilivyoachana mpelekee fundi wa lehemu wa jua kali.

Wazazi, hapa sikilizeni vizuri. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Kamwe msikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu. Tumieni msasa wa maji, mtu mzima afanye kazi hiyo, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji kitakachotupwa. Watoto wasubiri zamu ya kupaka.

Acheni pia kidirisha cha rangi ya awali, ukubwa wa stempu, mahali pasipoonekana. Atakayekuja baadaye atajua ilivyokuwa.

DAMU YA MZEE

Anza na rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu-kahawia ambayo mafundi hupaka madirisha ya chuma. Ikikauka siku nzima, paka rangi yenyewe, nyembamba mara tatu badala ya nzito mara moja. Matangi na kibanda cha dereva vya aina ya 59 vilikuwa rangi ya damu ya mzee. Kichwa cha mbele cha boila, panapokusanyika moshi, kilikuwa cheusi. Lakini kama kidirisha chako kinaonyesha fundi alichagua kijani, fuata fundi.

Chagua majira. Masika rangi hufifia ikawa na ukungu kwa sababu ya unyevu hewani. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ni afadhali, nayo saa nne asubuhi umande umekwisha na upepo wa alasiri haujaanza. Paka ndani ya nyumba, madirisha wazi.

Mwisho rudisha seti mbili za magurudumu, uhakikishe kila moja inageuka kwa uhuru kwenye msumari wake. Tia tone la mafuta ya cherehani. Lisukume garimoshi mezani katika mkunjo: likipinda katikati bila kukwama, umelitengeneza kama Garratt alivyotaka.

Kisha ligeuze, uandike chini yake kwa kalamu isiyofutika jina la fundi wa kwanza, majina yenu na tarehe. Na mkipata nafasi ya kufika Nairobi, beba zile picha na daftari hadi Makumbusho ya Reli. Simama kando ya "Mount Gelai", uhesabu magurudumu yake pamoja na wanao.